Somo na Shaba ya Ndani

Hujamaliza kusema shikamoo ameshakushika kidevu. Anakugeuza uso kwenye mwanga wa mlango, anavuta kope la chini kwa kidole gumba, anatazama jicho moja, halafu la pili, kama mtu anayenunua samaki. Akiridhika anakuachia. "Haya, sasa nisalimie." Vijana wote wa mtaa wetu wa Ibra wamepitia kidole hicho. Daktari alimwambia kuwa analolitafuta halionekani vizuri kwa macho matupu, sharti taa yake maalumu. Akamjibu, "Taa yako iko Maskati. Kidole changu kiko hapa."

Tulimwita Somo. Majirani wasiojua Kiswahili walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Somo kwetu Unguja ni mwanamke anayempokea mwari kabla ya harusi, akamfunza mambo ya ndani ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Zamani kila msichana alikuwa na wake. Tulipokuja Oman tukabaki na mmoja kwa nyumba zote za Waswahili, tangu Nizwa mpaka Sur, naye akajiongezea kazi ya pili ambayo hakupewa na mtu, kazi ya kuozesha. Alijua nani ana binti, nani ana kijana, nani anakoroma na nani anamnunia mama mkwe.

Mnene hakuwa, mwembamba hakuwa. Alikuwa na sauti. Akiwa kwake akisema "funga mlango", mimi ng'ambo ya njia nainuka kufunga wangu. Nje alivaa abaya kama sote, ndani kanga mbili, na akikukuta umevaa gauni la dukani anakuuliza kama unaumwa.

Akienda kumtazama mchumba hakukaa sebuleni. "Sebule hata mchawi anafagia," alikuwa akisema. Aliomba maji ya kunywa, halafu akayafuata mwenyewe jikoni, akapitia chooni, akarudi ameshajua. Nyumba moja ya Nizwa, watu wa maana, magari yamejipanga mlangoni, alitoka bila ya kumaliza kahawa. Nikamuuliza kulikoni. "Taulo moja, nyumba nzima," alisema, na habari ya watu hao ikaishia hapo. Jumatano alikwenda soko la wanawake, akakaa karibu na wauza vitambaa, hanunui hata uzi. Alikuwa akisikiliza. Mama akinunua kitambaa cha harusi kabla Somo hajasikia habari ya harusi, alilichukulia kama ametukanwa.

Yeye mwenyewe aliachwa mara tatu. Wanawake walimcheka: mfunza ndoa hana ndoa! Hakujali. "Nyinyi mume mnamjua mmoja. Mimi nimeona sampuli." Wa kwanza alikuwa mchoyo, wa tatu alikuwa na mama. Wa pili alikuwa mlevi, huko huko Unguja, na kwa ajili yake Somo alipata pua ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Angesimama mlangoni akakwambia kilichopikwa juzi.

Na mwanamke huyo huyo, anayechinja kuku huku anakusimulia kisa wala hapotezi neno, akiona sindano anakwenda chooni harudi. Walipokuja kuchanja watoto wa mtaa, alijifungia ndani mpaka gari lao likaondoka, na hakuna aliyetaka kumchanja yeye.

Imani yake kubwa katika kazi ilikuwa hii: damu kwa damu. "Mgeni utamjua lini? Mtoto wa ami umemjua tangu anatambaa." Aliozesha mtoto wa ami kwa mtoto wa ami, mtoto wa mjomba kwa mtoto wa shangazi, na asiyekuwa na binamu alimtazama kwa huruma kama yatima. Ndoa aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ya kwangu, yaani ya mwanangu na binti wa kaka yangu. Kwenye kila karamu aliitaja. Nami nilijivuna pia, nasema kweli. Sisi kwetu ni watu wa pua ndefu na mgongo ulionyooka, na walipozaliwa wajukuu wangu wawili, Seifu na mdogo wake Rahma, niliwatazama nikasema pua imerudi mara mbili, alhamdulillahi. Rahma alipotimia, Somo hakusita: akamposea kijana wa Sur, mtoto wa binti wa dada yangu. Damu tena. Tukapika halua.

Watu aliowadharau ni wa bara, yaani Waomani wenzetu ambao wazee wao walikuwa Burundi, Kigoma, Kongo, si Unguja. "Hawazungumzi hao, wanaongea!" alisema, na kwake kuongea kulikuwa ni kupayuka. Kiswahili chao kilimkera, na vipande vya Kizungu walivyovitia ndani vilimkera zaidi. Wakija kumuomba mchumba aliwapa chai nzuri na jibu baya.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka miaka ya tisini inakaribia kwisha, na Seifu wangu akamwaga kahawa.

Asiyekaa Oman hatajua uzito wake. Ilikuwa Idi, majlis, sebule ya wanaume, imejaa wageni, na kijana wa nyumba ndiye anayemimina, dele la kahawa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Seifu tangu mdogo alikuwa akimimina kama mtu anayechora. Siku hiyo mkono ulitetemeka, dele likagonga kikombe, kahawa ikamwagikia kanzu ya mgeni. Akaomba radhi, akamimina tena, ukatetemeka tena. Wakanyamaza kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyosambaza habari haraka.

Kijana alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha gesi karibu na Sur, pamoja na Wazungu na watu wa kila nchi, anarudi kwetu Alkhamisi. Watu wakajumlisha wenyewe. Anakunywa huko! Halafu macho yakaanza umanjano. Halafu miguu ikavimba na tumbo likajaa kama la mwanamke mwenye mimba, na yeye mikono inazidi kukonda. Jamaa mmoja aliyewahi kukaa Uingereza akamtazama akasema kwa sauti ya chini, ambayo sote tuliisikia, "Ini hilo. Ini la mlevi ndivyo linavyokuwa." Mwanangu, baba yake Seifu, aliacha kumtazama mtoto usoni. Alimwambia maneno ambayo sitayarudia. Seifu akaapa. Baba yake akamwambia asilitie jina la Mungu kwenye chupa.

Somo alikuja siku ya pili yake. Hakubisha hodi.

"Wewe. Fungua mdomo."

"Shikamoo, Somo."

"Shikamoo itangoja. Nipumulie."

Seifu akanitazama. Nikamwambia fanya, mjukuu wangu, hutoki hapa bila ya kupumua.

"Tena. Kwa nguvu, kama unapuliza mkaa."

Akamnusa kinywa, akamnusa kwapa, akaingia chumbani akanusa mto na shuka, mimi nyuma yake na mwanangu nyuma yangu. Halafu akasimama katikati ya chumba.

"Mwanao halewi."

"Somo, wewe hujui," mwanangu akasema. "Ini—"

"Ini silijui. Ulevi naujua, nimelala nao kitanda kimoja. Unatoka kwenye jasho, unatoka kwenye mto, hata ukitafuna iliki shamba zima. Huyu ananuka sabuni na homa. Mpeleke hospitali, au nitampeleka mimi kwa miguu na nikifika njiani nitamwambia kila mtu kuwa baba yake amekataa."

Mwanangu akampeleka.

Hospitali wakamtoa damu. Wakatafuta ule ugonjwa wa ini unaoambukiza, hawakuuona. Wakampeleka Maskati, akalazwa kwa doktora mmoja wa Kisudani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya pole, naye ndiye aliyemmulika machoni kwa taa. Alasiri moja Seifu akapiga simu, na nilimsikia analia na kucheka pamoja.

"Bibi, wamejua! Si pombe. Mwambie baba, si pombe. Ni shaba. Shaba imejaa kwenye ini, imefika mpaka machoni, imefanya pete kuzunguka mboni."

Nikamwambia Somo. Hapo ndipo tulipofanya upumbavu ambao ungefanyika kwetu tu, kwa sababu ni nani mwingine anayepika kila kitu chake kitamu kwenye shaba? Dele shaba, sinia shaba, sufuria ya halua shaba. Somo alitoka njiani akapiga ukelele mmoja: "Toeni shaba! Shaba inaua watoto!" Wanawake wakatoa. Kabla ya Magharibi njia yetu ilikuwa kama soko la Nizwa, madele ya mabibi yamelala kwenye vumbi, paka wananusa. Wanaume wakirudi kutoka msikitini hawana pa kupita.

Akaja kwangu kuchukua sufuria yangu ya halua. Hiyo niliinunua Nizwa mwaka wa kwanza tulipofika, kabla hatujawa na kitanda. Niliitoa mpaka uani, halafu nikaikalia.

"Ondoka juu ya sumu hiyo, shoga."

"Siondoki."

"Mjukuu wako anakufa!"

"Mjukuu wangu amekula humu, na wewe umekula humu, na mtaa mzima umekula humu tangu tulipokuja. Mbona macho yako hayana pete? Twende Maskati nikamuulize mwenyewe aliyeiona."

Tukaenda, mimi, yeye, na mwanangu kwenye usukani. Doktora alitukalisha. Nilimuuliza habari ya sufuria kwa Kiarabu changu cha jikoni, akatabasamu, lakini hakutucheka.

"Kila mtu anakula shaba kidogo, mama. Imo kwenye maini, kwenye lozi, kwenye kaa, hata kwenye dengu. Mwili unaihitaji kidogo. Inayozidi, ini huitoa kwa njia ya nyongo. Ini la Seifu halijui kuitoa. Limeikusanya tangu alipozaliwa, mpaka likaungua, likatia makovu, likasinyaa. Iliyokosa nafasi huko imekwenda kwenye ubongo, ndiyo maana mkono unatetemeka. Nyinyi mmekula sufuria moja na yeye, na nyinyi mmeitoa."

"Kwa hiyo si sufuria," akasema Somo.

"Yeye asipikiwe humo tena. Lakini chanzo si sufuria. Chanzo ni urithi. Amechukua kasoro moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye moja tu haumwi, hata hajijui. Mwenye mbili ndiye anayeumwa. Wazazi wake ni jamaa?"

Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema mimi, "Mke wake ni binti wa kaka yangu."

"Basi huenda imetoka kwa babu mmoja, ikagawika, ikakutana tena. Si kosa la mtu. Wengi wanaoana hivyo na hawapati kitu." Halafu akaacha kalamu yake. "Ana ndugu?"

"Dada," nikasema. "Mzima. Ana uchumba."

"Mleteni. Haraka. Kuna kitu kwenye damu kinachobeba shaba. Kwa wenye ugonjwa huu kinakuwa kidogo sana, nacho kinapimika. Na damu hiyo hiyo inatuonesha kama ini limeanza kuumia, hata kama mwenyewe anaruka kamba. Akiwa nao tukauwahi, atameza vidonge na ini lake litabaki ini. Tukingoja mpaka macho yawe manjano, tutakuwa na Seifu wa pili."

Nimesafiri na Somo mara nyingi, na njia ya Maskati mpaka Ibra si fupi. Hiyo ndiyo safari pekee ambayo hakusema neno. Tulipofika, madele bado yapo njiani. Akashuka, akaanza kuyaokota moja moja na kuyarudisha kwa wenyewe, anajua kila moja la nani. Alipofika kwangu alikaa juu ya ile sufuria niliyoikalia mimi.

"Niliyewakutanisha ni mimi," alisema.

"Doktora amesema si kosa la mtu."

"Nimemsikia. Rahma anapimwa lini?"

Hapo ikawa vita, na adui alikuwa mwanangu mwenyewe. Mtoto mmoja ameshamvunja moyo, wa pili hataki hata kumuuliza. Harusi imebaki miezi michache. Ukimpeleka msichana mchumba kupimwa ugonjwa wa ini, Sur nzima itajua, na nani atamtaka? Mzima yule, anakula, anacheka. Akishaolewa atapimwa kwa mumewe. Somo alimjia mara nyingi, naye kila mara alikuwa na jibu, na Rahma nyuma ya mlango anasikia kila kitu. Siku ya mwisho Somo alimjia majlis, wanaume wamo, akasimama kizingitini.

"Unaogopa damu ya mtoto wako?"

"Siogopi kitu. Wewe ndiye unayeogopa sindano, mtaa mzima unajua."

Wanaume wakacheka. Mimi nilikuwa ukumbini, na nilimwona Somo akificha mkono chini ya abaya.

"Haya," akasema. "Kesho nitatolewa mimi kwanza. Mbele yako. Nikitoka mzima, anatolewa yeye. Umesikia, Rahma? Kesho asubuhi, vaa."

Mwanangu alinaswa, maana alishasema mbele ya wenzake. Akatupeleka hospitali. Somo alikaa kwenye kiti, akatoa mkono kama anautoa kwa mamba, akafumba macho, akaanza kusoma aya kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye maegesho. Muuguzi akamwambia, "Bibi, bado sijachoma." Alipomchoma kweli, aya ilikatika katikati na Somo akateleza kutoka kwenye kiti taratibu, kama nguo inayoanguka kambani. Tukamlaza. Rahma, badala ya kuogopa, alicheka mpaka machozi, akakaa kwenye kiti kile kile, akatoa mkono. Somo alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Ametolewa?"

"Nimetolewa, Somo."

"Basi niacheni nilale."

Wakati majibu yanangojewa, akataka kwenda Sur. Mimi nilikuwa sitaki; mama wa kijana ni mtoto wa dada yangu, na ulimi wake unakata. Somo akasema habari hii haiendi kwa simu wala kwa mdomo wa mtu mwingine. Tukaenda, akamweleza yote bila ya kupamba: ugonjwa ni huu, unakaa kwenye damu hii, kijana wako ni wa damu hii hii, huenda amebeba kasoro bila ya kujua, na kama Rahma anao na yeye amebeba, watoto watalipia. Nimeposa mimi, naja kufungua mimi.

Yule mwanamke akanigeukia mimi, hala yake, mdogo mtu kwa mama yake. "Hala, umekuja nyumbani kwangu kunambia damu yetu mbovu?"

Mimi ni mtu wa kujivuna, na neno lile lilinichoma. "Si mbovu," nikamwambia. "Tumeichanganya humu humu mno. Chai yako nzuri, lakini nisingeipika kwa majani ya jana na juzi."

Tulitoka bila ya kuagwa. Baadaye nilisikia kuwa aliwapeleka watoto wake wote kupimwa, kimya kimya, na wakaonekana salama. Hajanambia mpaka leo, nami sijamuuliza.

Majibu ya Rahma yakaja. Anao.

Kile kitu cha damu kinachobeba shaba kilikuwa chini kabisa, na ini limeanza kuguswa, lakini bado laini, halijatia kovu. Doktora alisema, "Tumeuwahi," na akarudia neno hilo mpaka mwanangu alipokaa chini. Alilia mbele yetu, halafu akaenda wodini kwa Seifu akakaa huko mpaka tukamfuata. Waliyozungumza ni yao. Ila Idi iliyofuata Seifu alitoka na dele, mkono bado unatetemeka, na baba yake akatembea pamoja naye mgeni kwa mgeni, amemshikia kikombe.

Seifu yuko hai. Ini lake ni nusu ya ini, doktora mwenyewe anashangaa linavyofanya kazi, lakini vidonge vinaifunga shaba na kuitoa kwa mkojo, na tumbo limepungua. Kazi ya kiwandani aliiacha, akafungua duka la simu Ibra. Anajua kila mtu anampigia nani, kwa hiyo kazi ya Somo ina mrithi.

Rahma alipewa vidonge vya maisha. Na hapo ndipo Somo alipopata dini mpya. Msichana mzima, asiyeumwa kichwa wala tumbo, kumezeshwa dawa kila siku mpaka kufa ni kazi kubwa kuliko kumtibu mgonjwa. Mgonjwa anaumia, anakumbuka. Rahma alikuwa akisahau. Somo akaweka sheria. Rahma akimwambia shikamoo, hajibu marahaba. Anauliza:

"Umemeza?"

Akijibiwa "Nimemeza, Somo," ndipo anasema marahaba. Akijibiwa vingine, salamu inabaki hewani, na Rahma anarudi nyumbani kumeza. Kwa simu, mlangoni, kwenye matanga, mbele ya wageni. Nilimwambia si heshima kuacha salamu ya mtoto. "Heshima yake ataipata akiwa mzee," alisema. "Kwanza azeeke."

Rahma akawa na majonzi yake mengine, ya uchumba uliovunjika. Akajifungia. "Nani ataoa ini bovu?" Somo akamgongea dirisha. "Nimeozesha wachoyo, nimeozesha wanaokoroma, nimeozesha mmoja asiyeoga. Wewe una ini tu. Toka ule."

Na alimtafutia. Siku aliponambia nani, nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Wa bara! Kijana wa ofisi ya magari Nizwa, kwao Manah, wazee wake wa Burundi. Damu yake na yetu hazijawahi kupita hata njia moja. Alikuja na mama yake, akakaa kwa adabu, akafungua mdomo, na yote niliyoyaogopa yakatoka.

"Bibi, tulikuwa tunaomba tuongee kidogo, kama hamko bize."

Nilimwona Somo akifumba macho. Lakini akayafumbua, na akamwambia mbele yetu sote, Rahma yuko nyuma ya pazia:

"Sikiliza. Huyu ini lake linakusanya shaba. Anameza vidonge mpaka siku ya kufa. Maini hali, lozi hali, kaa hali, chokoleti usimletee. Watoto wenu watapimwa. Ukiona tabu, mlango ule pale, na chai utamalizia njiani."

Kijana akamtazama mama yake, mama yake akacheka.

"Bibi," akasema, "kwetu baba ana sukari, mama ana presha. Asubuhi nyumba nzima tunamezeshana kama timu. Mmoja zaidi siyo problemu."

Somo akanigeukia. "Anaongea huyu," akanambia kwa sauti ya chini. "Lakini anaongea vizuri."

Harusi niliipikia halua mimi, kwenye sufuria yangu ya shaba ile ile, imejaa lozi na korosho, na wageni walikula mpaka wakaramba vidole. Ya Rahma niliipika mbali, kwenye sufuria ya bati, haina hata lozi moja, imekaa kama kichwa cha mtu mwenye upara. Somo aliikalia karibu usiku kucha wa karamu, mkono juu ya kifuniko, asije mtu mwenye ukarimu akaipambia lozi. Na ndiyo aliyoila yeye pia, ingawa aliniambia kuwa ni mbaya.

Rahma alipopata mimba, wanawake wakamwambia aache dawa, zitamdhuru mtoto. Kidogo aache. Somo akamwambia asikilize mtu mmoja tu, doktora. Doktora akasema asithubutu kuacha, akampunguzia, hakumwachisha. Mtoto akazaliwa wa kiume, mnono, na pua si yetu. Fupi, ya Manah. Naipenda.

Tangu hapo Somo hakuozesha tena damu kwa damu bila ya kuuliza maswali. Wazee walimkasirikia. Nyumba nyingine zilimfungia mlango, zikasema amekuwa daktari. Naye akaanza kushika watu videvu.

Mara ya mwisho nilimwona huko Nizwa, kwa binti wa ndugu yake aliyemchukua amtunze. Nilikwenda na Rahma na mtoto, ambaye ameshaanza skuli. Mwenyeji alitutayarisha mlangoni: siku hizi hamjui mtu, msihuzunike. Tukamkuta amekaa kitandani, kanga mbili kama kawaida, amekuwa mdogo kama mto. Ile sauti haipo. Nikamwambia, "Somo, ni mimi, shoga yako wa Ibra." Akaniuliza kama mvua imekatika Ng'ambo, kule Unguja, na kama mume wangu amekwenda shamba. Mume wangu nimemzika zamani. Nikamwambia imekatika, amekwenda.

Akawa ananyoosha mkono kwa kila anayepita, anatafuta kidevu, akikipata hajui akifanye nini, anakiachia. Alimshika mtoto, akamwachia. Nilitazama dirishani nisionekane.

Rahma akapiga magoti mbele yake, akambusu mkono.

"Shikamoo, Somo."

Hakujibu. Alimtazama, macho yana ukungu, midomo inatafuta. Mwenyeji akataka kusema kitu, Rahma akamzuia kwa kiganja. Akangoja pale pale kwenye magoti.

"Umemeza?"

"Nimemeza, Somo."

"Marahaba."